Njia Niliyoijua Upande Mmoja

Vijana wangu, mgeni akikuuliza "bado mbali?" usimjibu kamwe "hapo tu." Nimetembeza watu kwenye majabali ya ziwa Kivu, kuanzia Gisenyi kwenda kusini, mpaka magoti yangu yakaomba kustaafu kabla yangu, na nawaambieni "hapo tu" imevunja urafiki mwingi kuliko mvua. Mgeni ana dakika kichwani, wewe una vilima. Mwambie, "Tunapanda mara mbili, tunashuka mara moja, halafu tunakunywa chai." Hilo analielewa, na wewe hujadanganya mtu.

Habari ya kudanganya ninaijua vizuri, maana kazi hii niliipata kwa uongo. Nitafika huko, nipeni nafasi nivute pumzi.

Juzi nilipita pale mnapokutania asubuhi, nikawakuta wanne mmeinamia simu moja inayoonyesha njia. Siisemi vibaya simu. Sisi tungekuwa nayo tungeibusu. Lakini simu haijui kwamba majani ya mikaratusi yakilowa umande yanateleza kuliko sabuni, wala haijui kwamba jioni ikishaingia upepo hugeuka, ukaanza kushuka kutoka mlimani kwenda majini. Ndiyo maana moto wa kupikia tunauweka chini ya hema, upande wa ziwa. Mwaka mmoja niliona uvivu, nikapika upande wa juu, na daktari mmoja kutoka Kigali akakaa ndani ya moshi kama samaki anayekaushwa. Asubuhi alikunywa chai yake mbali sana na mimi.

Na sambaza wakavu, wale dagaa wa Kivu, msiwaweke ndani ya hema. Sitaki kusimulia habari ya siafu, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa ndani.

Sasa huo uongo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vya huku kwetu vimeanza kutulia, na watu wa Kigali wameanza tena kuja ziwani siku za mwisho wa juma. Mimi nilikuwa nimetoka Tanzania, Karagwe, nilikozaliwa ukimbizini. Nilikuja Gisenyi na mke wangu Konsolata, na kwa mwaka mzima sikupata kazi ya kueleweka. Leo nabeba saruji, kesho napaka rangi, keshokutwa nakaa. Konsolata alichoka. Ndugu zake kule Karagwe walikuwa na shamba la migomba, nasi tukakubaliana kwamba mwezi ule ukiisha bila kazi ya kudumu, tunarudi. Tayari alikuwa ametia vyombo ndani ya gunia na kulifunga kamba, tunapikia sufuria moja tu.

Mimi sikutaka kurudi. Baba yangu alikuwa kule bado, mzee asiyeweza tena safari, na maisha yangu yote alinisimulia nchi hii kila jioni. Ningemwambia nini? Kwamba nimeiona na imenishinda?

Nilikuwa napaka rangi uzio wa nyumba ya wageni ya Madamu Speciose, mama aliyetoka Kampala, mwenye vyumba sita na sauti ya kutosha vyumba ishirini. Walikuwepo Waholanzi wawili, Piet na mkewe Anneke, wanaofanya kazi Kigali. Wakamwambia wanataka kutembea juu ya majabali ya ziwa siku tatu na kulala nje, ndani ya hema ambalo Madamu aliahidi kuwaazima. Madamu akageuka huku na huku. "Nani hapa anaijua njia ya kule juu?"

"Mimi," nikasema. Mdomo ulitangulia, kichwa kikafuata nyuma.

"We Deo? Shua?"

"Madamu, ile ni njia ya kwetu. Baba yangu alizaliwa kule. Aliipita kila wiki."

Kila neno lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuvuka chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba.

Madamu akanitazama, brashi yangu inadondosha rangi kwenye vidole vya miguu. "Skiza," akasema. "Wakirudi kwa miguu yao, na vitu vyangu vyote, hiyo kazi ni yako kila mwezi. Nikiitwa nipeleke boti kuwachukua, usirudi hapa hata kuosha hiyo brashi."

Msidhani nilikuwa mwendawazimu kabisa. Ile njia nilikuwa naijua kwa moyo, kama sala. Baba alipokuwa kijana alikuwa anapeleka maharage sokoni Gisenyi, na jioni kule Karagwe alinitembeza njia yote bila kuinuka kwenye kigoda. Toka nyumbani, ziwa likae mkono wa kushoto. Ukifika kijito, panda bila kukata kona mpaka mivumu mitatu, ile mikuyu minene. Pumzika. Fuata mgongo wa kilima mpaka jiwe jeupe lililolala kama ng'ombe. Hapo shuka, utasikia harufu ya maji ya moto, na soko limekaribia. Nikajiambia, sisi tunatoka Gisenyi, basi nitaigeuza tu. Jiwe, mgongo, mivumu, kijito. Ziwa mkono wa kulia. Kuna ugumu gani?

Madamu alinipa mbebaji na mpishi, Mama Zawadi wa Nyamyumba, aliyekuwa akimletea samaki. Kila siku alipanda na kushuka vilima vile na beseni la sambaza kichwani. Mwanamke mfupi, mkavu, miguu peku. Viatu vyake, vya kanisani, vilisafiri ndani ya sufuria pamoja na mchele. Hiyo sufuria aliiweka kichwani asubuhi na hakuishika kwa mkono tena mpaka mchana.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Mpaka Nyamyumba hata kipofu anafika. Tukachemsha mayai kwenye maji ya moto, Piet akapiga picha ya kila yai, tukalala karibu na ufuko. Mimi niliongea sana. Nilieleza kila kilima, na vile nisivyovijua nilivipa majina ya wajomba zangu.

Siku ya pili tukapanda, na jiwe jeupe nikalikuta! Limelala kama ng'ombe, vilevile. Nikataka kulikumbatia mbele ya wageni. Tukashika mgongo wa kilima, ziwa mkono wa kulia, chini kabisa, buluu inayotia kizunguzungu. Kabla ya saa sita tukafika mivumu mitatu. Nikaanza kuimba.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo la kazi. Mtu anayepanda kilima, njia zinakuja kukutana mbele yake. Za shamba, za mbuzi, za kisimani, zote zinaungana kuelekea juu, na yeye hata hazioni. Ndiyo maana baba hakunitajia njia panda yoyote hapo. Lakini anayeshuka, njia zilezile zinaachana mbele ya miguu yake. Chini ya mivumu ile nilikuta njia tatu, zote zinashuka, zote zimekanyagwa. Sala ya baba haikuwa na mstari wa jambo hilo.

Nikachagua ya kulia, iliyo karibu na ziwa. Niliendelea kuimba, kwa sauti ndogo kidogo.

Mwanzoni ilikuwa pana. Halafu ikawa ya mtu mmoja. Halafu ikawa ya nusu mtu, mwamba mkono wa kushoto, na mkono wa kulia hakuna kitu, hewa tu, na chini yake maji. Kumbukeni hawa walikuwa Waholanzi, watu wa nchi isiyo na hata kichuguu. Anneke akasimama, mgongo kwenye mwamba, macho yamefumbwa, hasogei mbele wala nyuma. Nyuma yetu nikasikia sauti tulivu ya Mama Zawadi.

"Hii njia iko ya mbuzi."

"Mama Zawadi! Mbona hukusema?"

"Mi walinipatia sufuria. Njia walipatia we." Akanitazama mdomo. "Na we ulikuwa unaimba. Nikasema, bon, mutu mwenye anaimba anajua fasi anaenda."

Nikataka kumjibu, lakini nikamwona anaishusha sufuria. Ndipo nilipojua mambo yamekuwa mazito. Aliiegemeza kwenye mwamba, akaja taratibu mpaka kwa Anneke, akamshika kiuno kama mtu anayecheza ngoma na mgonjwa.

"Waambie watoe mizigo ku mugongo. Waangalie jiwe, wasiangalie mayi. Mukono moja, muguu moja. Hakuna mwenye anatufukuza."

Nikatafsiri kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Tukageuza nyuso kwenye mwamba, tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tunapitishiana mizigo mkono kwa mkono. Watu wote walitoka salama. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, na mfuko mrefu wa nguzo za hema uliponifikia niliudaka kwa mkono mmoja tu. Ukaniponyoka. Uligonga mwamba mara mbili, ukalia kama kengele za kanisa, na baadaye sana tukasikia maji.

Vitu vya Madamu. Nilikaa chini ya mivumu nikamwona akilini Konsolata akibeba lile gunia kwenda kituo cha basi.

Mama Zawadi alishika njia ya katikati bila kuniuliza, nasi tukamfuata mpaka kwenye uwanja wa nyasi juu ya genge, karibu na kijito, ng'ambo yake. Jua lilikuwa bado halijazama. Tulikuwa na kitambaa cha hema bila nguzo. Yeye akakitazama, mimi nikakitazama, tukatazamana. Nawaambieni ukweli, hakuna watu wawili duniani walioijua kazi ile kama sisi. Mimi nilikulia ukimbizini, nimewasaidia wajomba kujenga vibanda tangu nilipoweza kushika panga. Yeye alikaa miaka miwili ng'ambo ya mpaka na wanawe chini ya shitingi, lile turubai la plastiki la wakimbizi. Tukakata fito za mikaratusi, tukazipinda, tukafunga kwa kamba za migomba, tukalaza kitambaa juu, mawe pembeni. Kibanda hicho kilisimama imara kuliko hema lolote la dukani, na Piet akapiga picha.

Tatizo ni kwamba kilionekana jinsi kilivyoonekana.

Hapa kosa langu la pili. Kabla ya kulala mahali popote, nenda kwanza kwa nyumbakumi, mkuu wa zile nyumba kumi, umwambie wewe nani na unafanya nini. Nilikuwa nafundishwa hivyo hata Tanzania. Lakini pale nilijiona niko kwetu, na mtu hapigi hodi kwao. Basi tunachemsha mchele, nikaona watu wanakuja kutoka mashambani. Mbele kikongwe amebeba kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha, nyuma yake nyumbakumi, mwanaume mnene anayehema, na nyuma yao kilima kizima. Hakuna aliyetabasamu. Kikongwe akaweka kikapu mbele ya Anneke, akamshika mikono yote miwili na kumwambia pole kwa Kinyarwanda. Nyumbakumi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mumekimbia nini? Vita iko fasi gani? Tuko na saa ngapi ya kukimbia?"

Nikatazama nyuma yake. Mwanamke mmoja alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na godoro kichwani. Walikuwa wameona kibanda kama cha wakimbizi, na Wazungu ndani yake, na kwa hesabu yao kama hata Wazungu wanakimbia, basi hali imekuwa mbaya sana.

Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini siku ile niliiona mpaka kwenye nyayo. Nikaeleza kwamba hakuna vita. Kwamba hawa ni watu wenye nyumba, wana vitanda, wamekuja kulala hapa kwa kupenda kwao.

"Kwa kupenda," nyumbakumi akarudia.

"Ndiyo, mzee."

"Kulala chini ya hii?"

"Ndiyo."

Akawageukia watu wake akawaambia. Halafu kikongwe akauliza kama Wazungu wale wana ndugu wanaojua kwamba wako katika hali hiyo. Mama Zawadi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko chake kikashuka kilimani kama maji, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mwanamke akatua godoro akalikalia. Nyumbakumi alicheka mwisho, kwa heshima ya cheo. Lakini hakunisamehe bure. Alinizungusha nyumba zote, mlango kwa mlango, kabla giza halijaingia, niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi ndiye mpumbavu na kwamba amani ipo. Piet alikuja nami akasalimia kila mtu kwa mkono. Viazi vitamu tulivila vyote.

Nilipomaliza kuzunguka nikakaa karibu na Mama Zawadi, anaosha sufuria kijitoni, nikamwambia kwamba sijawahi kupita huku hata siku moja.

"Nilijua toka Nyamyumba. Mwenye njia haangaliake milima sana. Anaangaliaka fasi anakanyaga." Akasugua sufuria. "Nani alikufunza?"

"Baba."

"Na baba yako alikuwaka anaenda wapi?"

"Sokoni. Gisenyi."

"Donc alikufunza kuenda," akasema. "Kurudia hakukufunza."

Nilicheka. Halafu nikalia kidogo, na sioni aibu kuwaambia. Alinipa ile sufuria niishike, akatazama upande wa pili mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza jina la baba yangu, akaniambia wapi kilikuwa kiwanja chake. Tulikuwa tumekipita mchana, kuna shamba la viazi juu yake, la mtu mwema, akasema.

Asubuhi ya tatu tukageuza nyuso kurudi Gisenyi, na ziwa likawa mkono wa kushoto.

Vijana, sijui niwaelezeje. Tulivuka kijito, nikapanda bila kukata kona, na mivumu mitatu ikaja kunipokea. Kutoka kule chini hakuna njia panda, ni moja tu, kama alivyosimulia baba. Tukapumzika pale alipokuwa akipumzika. Nikashika mgongo wa kilima, na kila kitu kilikuja kwa zamu yake, mpaka mahali ambapo baba alisema jiwe linatikisika ukilikanyaga, nikamwambia Anneke aruke, na Mama Zawadi akalikanyaga makusudi kuona, likatikisika. Halafu akaniacha mbele. Sikuimba. Nilikuwa nasikia sauti ya mzee yule mbele yangu, anaongea polepole ili nisiachwe nyuma.

Tulifika kwa Madamu Speciose alasiri, kwa miguu yetu. Alikuwa getini, anahesabu mifuko.

"Nguzo za hema langu ziko wapi?"

Piet alifungua mdomo. Alikuwa mtu mwema, angesema amezidondosha yeye. Nilimtangulia.

"Ziko ziwani, Madamu. Nilikudanganya. Njia sikuijua. Niliwapeleka kwenye njia ya mbuzi, na Mama Zawadi ndiye aliyetutoa."

Nilipomaliza nilisikia mwili mwepesi, kama mtu aliyetua saruji. Madamu alimgeukia Mama Zawadi.

"Ni kweli?"

Mama Zawadi alishusha sufuria kichwani, akatoa viatu vyake vya kanisani ndani yake, akavivaa. Alipokwisha vaa ndipo akajibu.

"Kuenda, hajue hata kidogo. Atakuulia watu. Kurudia mujini anajua kunishinda, na mi nimezaliwa kule." Akafikiri. "Utuandike wawili. Kuenda, mi niko mbele, yee anabeba sufuria. Kurudia, yee iko mbele."

"Na sufuria wakati wa kurudi?"

"Yee tu."

Madamu alicheka ile sauti yake ya vyumba ishirini, na mwisho wa mwezi nguzo mpya zilikatwa kwenye mshahara wangu, kwa haki kabisa. Miezi minane nilibeba ile sufuria. Mkiniona nimepinda shingo kidogo upande wa kushoto, msiseme ni uzee. Kila tulipofika mahali alinisimamisha akanigeuza kwa mabega. "Geuka. Hii njia utaiona na uso gani wakati unatoka kule?" Basi nanyi geukeni, hata kama mna simu. Kila baada ya hatua mia simama utazame ulikotoka, maana mahali ni pawili, pa kwendea na pa kurudia. Mama Zawadi ndiye mwongozaji wa kwanza wa majabali haya, na mkimtaja mtajeni kabla yangu.

Jioni ya siku ile tuliyorudi nilikwenda nyumbani nimebeba kazi nusu. Konsolata alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Umepata?"

"Nimepata ya kurudi. Ya kwenda nitabeba sufuria."

Nikamweleza yote, mbuzi, nguzo, yule mwanamke na godoro lake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, nami nikaogopa. Akaniuliza jambo moja tu, kama kiwanja cha baba kweli nimekiona kwa macho. Nikamwambia nimekiona.

Kwa mwaka mzima tuliokaa Gisenyi mwanamke yule hakuwahi kupanda hata kitunguu. Asubuhi yake niliamka nikamkosa ndani, nikatoka, nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe la jirani, ameshalima matuta mawili, na maharage ya mbegu yamefungwa kwenye kanga kiunoni. Akaniambia nisimame vizuri, nimesimama kwenye tuta la tatu.